SOMO LA KUMI NA MOJA: Upatanisho wa Majina ya Wanyama

Asubuhi moja tuliondoka Kanyosha pamoja na wanachuo wetu, tukapita katikati ya Bujumbura, tukashika barabara ya Gatumba hadi Hifadhi ya Taifa ya Rusizi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1980, mahali ambapo mto Rusizi, utokao Ziwa Kivu, humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Tulitembea kwa miguu kati ya mikoche na matete tukiongozwa na askari wa hifadhi. Tuliporudi, kila mwanachuo aliandika aliyoyaona. Katika insha mojawapo tulisoma hivi:

«Tuliona viboko vinane vimelala. Mamba mbili zilikuwa juu ya mchanga, na ndege kubwa zikaruka.»

Kiboko ni mnyama. Kiboko pia ni mjeledi, ambao zamani ulikatwa katika ngozi ya mnyama huyo huyo. Umbo ni moja, na wingi wake ni mmoja. Kinachotenganisha maana ni upatanisho peke yake: *kiboko kimekatika* ni mjeledi, *kiboko amelala* ni mnyama. Vivyo hivyo kwa ndege. Barabara ya Gatumba hupita karibu na kiwanja cha ndege, kwa hiyo msomaji wa *ndege kubwa zikaruka* ana haki ya kufikiri kwamba mwandishi alikuwa bado njiani. Alikusudia *ndege wakubwa wakaruka*.

Kosa hili halitokani na uvivu. Katika Kirundi upatanisho hufuata umbo la jina, hata kama jina ni la mnyama: *inyoni ziraguruka* ni sahihi kabisa. Mwanafunzi anayesema *ndege zinaruka* anatumia kanuni nzuri mahali pasipo pake. Mwalimu asimkemee, amwonyeshe mpaka ulipo.

Kanuni. Jina la mnyama, ndege, samaki au mdudu, liwe na umbo la KI-VI (kiboko, kipepeo, chura) au la N (mamba, ndege, nyoka), huchukua upatanisho wa A-WA:

Kiboko huyu mkubwa amezama. – Viboko hawa wakubwa wamezama.
Mamba yule mmoja anaota jua. – Mamba wale wawili wanaota jua.
Chura analia. – Vyura wanalia.

Kufa hakubadili kitu: *mamba amekufa*. Mimea, ijapokuwa hai, haimo: *mikoche imeanguka*. Tukidunisha jina kwa makusudi, umbo hurudi kutawala: *kijibwa kile kinabweka*. Kuhusu ndagala tunaowanunua sokoni wakiwa wakavu, wengi husema *ndagala zimepanda bei*, kwa kuwa wanaona bidhaa, si samaki. Sisi tunashauri *wamepanda* katika maandishi, ingawa hatutamsahihisha muuzaji.

Kanuni hii ina upungufu wake, nasi tuliuona siku hiyo hiyo. Askari alikwisha kutueleza kwamba kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurejea alfajiri, na kwamba ni hatari kusimama kati yake na maji. Mwanachuo aliyetangulia alipaza sauti: *Anakuja!* Waliokuwa nyuma wakadhani anamtaja mwenzao aliyechelewa, wakaendelea kusogea hadi askari alipowarudisha kwa mkono. Kiambishi *a-* hakisemi kama anayekuja ni mtu au mnyama. Sentensi ilikuwa sahihi kisarufi, lakini haikutosha. Alipaswa kusema *Kiboko anakuja!* Tunapofundisha kuandika matangazo ya tahadhari, tuwadai wanafunzi wataje jina kwanza, ndipo kitenzi kifuate.

Zoezi

1. Andika upya insha iliyonukuliwa hapo juu kwa upatanisho sahihi.

2. Eleza tofauti ya maana: (a) *Nimeogopa kiboko kile.* (b) *Nimemwogopa kiboko yule.* Ni viambishi gani vinavyoibainisha?

3. Tunga tangazo la maneno yasiyozidi 15 la kubandikwa ufukweni, likiwaonya wavuvi kuhusu mamba. Msomee mwenzako kitenzi pekee, bila jina. Je, ameelewa nani anayetajwa?

4. Kusanya kwa wiki moja, katika mtaa wako, mifano mitano ya majina ya wanyama yaliyopatanishwa kwa umbo. Andika pia lugha ya kwanza ya kila msemaji.