Maana ya Neno Baraa

Baraa ni neno la Kiarabu, na asili ya maana yake ni kuepukana na jambo. Mtu akituhumiwa, kisha ikadhihiri kuwa hana hatia, huyo amepata baraa. Wengi hulichanganya neno hili na msamaha, ilhali tofauti yake ni kubwa: msamaha hupewa aliyekosa, baraa ni haki ya yule asiyekosa.

Katika Sura ya 12, aya ya 50 na 51, twasoma kuwa Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliitwa na mfalme atoke gerezani, naye hakutoka. Alimrejesha mjumbe ili iulizwe kwanza habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Walipoulizwa, wakakiri kuwa hawakujua ubaya wowote kwake, na mke wa bwana wake akakiri kuwa yeye ndiye aliyemtaka. Kufunguliwa mlango hakukumtosha mpaka jina lake lisafike.

Basi, ndugu zetu, mtu akizuliwa neno barazani, kisha kweli ikadhihiri, waliomzulia wasimwambie, "Yamekwisha, tumekusamehe." Wakosa ni wao. Yawapasa wamtake radhi, na baraa yake waitangaze pale pale walipoutangaza uzushi.