Kumpeleka mraibu shamba si kumtibu

Ipo tiba moja ambayo familia nyingi za mjini huikimbilia kijana wao anapozama katika unga, nayo ni tiketi ya basi. Kikao cha ukoo kinakaa, mchango wa nauli unapitishwa, na kijana anapelekwa kwa babu au kwa ami yake mkoani. Hoja yao ni kwamba huko hakuna vijiwe, hakuna kete, na jembe litamrudishia akili. Baada ya hapo wazazi hupumua, na majirani huambiwa kuwa kijana yuko shamba, anaendelea vizuri.

Je, hiyo ni tiba? Swali hili nilikutana nalo Rungwa, mkoani Singida. Rungwa ipo katika Halmashauri ya Itigi, jirani na pori la akiba lenye jina hilo hilo, kwenye barabara inayotoka Itigi kwenda Makongolosi hadi Mbeya. Nilikuwa msafiri, nikaswali Ijumaa hapo. Baada ya swala mzee mmoja aliyesikia kuwa natoka Dar es Salaam alinivuta pembeni akaniuliza: "Mwanangu, hawa vijana mnaotuletea, mbona hamtuletei na maelekezo yao?"

Alikuwa amepokea mjukuu wa nduguye kutoka mjini. Aliambiwa tu kwamba kijana "ana matatizo kidogo". Siku ya pili kijana akaanza kutokwa jasho, kutapika, kuharisha na kulia kwamba mifupa inamuuma. Nyumba nzima ikadhani ni malaria, wengine wakasema ni jini. Baada ya wiki moja akatulia, akaanza kula, na wote wakamshukuru Allah. Lakini haukupita muda mrefu akawa mteja wa wanzuki na gongo, na bangi nayo akaipata. "Ameacha kimoja, kashika vitatu," alisema yule mzee.

Kwa nini shamba peke yake halitoshi

Ndugu msomaji, aliyoyaona mzee yule katika wiki ya kwanza ndiyo vijana wa mjini huyaita arosto. Mwili uliozoea heroini ukiikosa huanza kuteseka ndani ya siku moja hivi, mateso hukolea siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi hupungua baada ya wiki moja. Familia ikiona yamepungua hudhani ugonjwa umekwisha. Ukweli ni kwamba uraibu wenyewe, yaani ile kiu iliyojengeka katika ubongo, unaweza kubaki miezi na miaka. Ndiyo maana kijana akikosa unga huziba pengo kwa kilevi kingine kilichopo, na Tanzania hii hakuna kijiji kisicho na kilevi.

Ipo hatari kubwa zaidi. Mwili uliopumzika husahau kiasi ulichokuwa ukistahimili. Kijana akirudi mjini baada ya miezi mitatu na kutumia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho kinaweza kuzima pumzi yake usiku ule ule. Familia hushangaa kwamba amekufa wakati "alishaacha".

Na kwa mlevi wa pombe wa miaka mingi, hatari inaanzia kwenye kuacha ghafla. Anaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata degedege na hata kufa. Huyo hafungiwi chumbani wala haachwi shambani. Anapelekwa hospitali, na kwa mtu wa Rungwa hospitali hiyo inaweza kuwa ile ya Mtakatifu Gaspari iliyopo Itigi.

Hoja ya kuhama katika dini

Wapo watakaosema kwamba kumhamisha mwenye dhambi mahali pake kuna asili katika dini. Ni kweli, na hadithi yake ipo katika Bukhari na Muslim. Ni ya mtu aliyeua watu 99, akamuuliza mcha Mungu mmoja kama ana toba. Alipoambiwa hana, akamuua na huyo wakatimia 100. Kisha akamwendea mwanachuoni, naye akamjibu kwamba mlango wa toba haujafungwa, akamwelekeza aende katika nchi fulani.

Tuitazame vizuri nasaha ya mwanachuoni yule. Hakumwambia aende popote palipo mbali. Alimwelekeza mahali penye watu wanaomuabudu Allah, akamtaka aabudu pamoja nao na asirudi katika nchi yake ya uovu. Kwa hiyo mbali na umbali, palikuwa na watu wa kumpokea. Sisi tumechukua nusu ya nasaha. Tunamtoa kijana katika watu wabaya, kisha hatumkabidhi kwa watu wema wanaojua shida yake. Tunamkabidhi kwa mzee wa miaka 70 ambaye hata jina la ugonjwa hajaambiwa.

Watu wa kumpokea ni akina nani?

Wa kwanza ni watabibu. Mwezi Februari mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini, dawa ya kunywa ambayo huondoa arosto na kupunguza kiu ya unga. Baadaye huduma hiyo ilifika Mwananyamala, Temeke, Mbeya, Dodoma katika kituo cha Itega, Mwanza na kwingineko, na inatolewa bure. Kwa kawaida, hasa mwanzoni, mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo anatakiwa aishi karibu na kituo. Hapa ndipo kosa la tiketi ya basi linapoonekana. Kijana wa Temeke anaondolewa penye kituo na kupelekwa Rungwa, ambako itamlazimu kusafiri mbali kukifikia kituo. Ieleweke pia kwamba methadoni ni tiba ya heroini na jamii yake. Mwenye uraibu wa bangi au pombe anahitaji njia nyingine, na daktari ndiye wa kumwelekeza.

Wa pili ni waliopita njia hiyo hiyo. Jambo hili ni la zamani duniani. Mwaka 1935 huko Akron, Marekani, walevi wawili waligundua kwamba kila mmoja anaweza kumsaidia mwenzake asinywe, na kutoka hapo vikaenea vikundi vya walevi wanaosaidiana. Mwaka 1953 kikazaliwa huko California kikundi cha watumiaji wa dawa za kulevya kwa mfano huo. Mwaka 1989 Waislamu wa Baltimore wakaanzisha Millati Islami, wakazipanga hatua zile 12 katika misingi ya Uislamu. Hapa kwetu pwani, Omari Project ilianza kuwahudumia waraibu wa Malindi mwaka 1995, na Zanzibar vijana waliopata nafuu walifungua soba hausi ambazo washauri wake wengi ni watu waliowahi kutumia.

Kwa nini mtu huyo husikilizwa kuliko sheikh au mzazi? Kwa sababu hadanganyiki wala hashtuki. Anajua visingizio vyote, alivitumia. Na mgonjwa akimtazama anaona kwa macho yake kwamba inawezekana.

Yatupasayo

Kwanza, kabla ya kikao cha nauli, kijana aulizwe anatumia nini, kiasi gani na tangu lini, kisha apelekwe hospitali. Asiyejua pa kuanzia apige 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Pili, wanaochagua soba hausi waulize: imesajiliwa? Nani anawatibu wakiugua? Familia inaruhusiwa kutembelea? Nini kinafuata baada ya kutoka? Nyumba inayofunga watu minyororo na kuwachapa ikimbieni, hata kama mwenye nyumba ana ndevu ndefu.

Tatu, kisomo kina nafasi yake, lakini kisitumike kuzuia dawa. Tusiwaambie wagonjwa wachague kimoja.

Nne, misikiti yetu ya mjini itoe chumba na saa moja kwa wiki. Gharama yake ni mkeka na birika la chai. Waje walioacha na wanaotaka kuacha, aongoze aliyetangulia kupata nafuu, yanayosemwa humo yabaki humo, na mwenye kuteleza arudi bila kusimangwa. Bukhari amepokea habari za sahaba aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, mtu mmoja akamlaani, na Mtume (s.a.w) akamkataza, akashuhudia kwamba mtu huyo anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu ya kosa ilikuwepo, lakini mlango wa msikiti haukufungwa. Sisi tunamwita "teja" mbele ya watoto wake, kisha tunashangaa haji Ijumaa.

Tano, ikiwa lazima kijana apelekwe mkoani, anayempokea aambiwe kila kitu, apewe namba ya kituo cha afya na ya mtu mmoja aliyepata nafuu ambaye kijana atampigia usiku kiu ikimpanda. Na siku ya kurudi mjini ipangwe mapema: atafikia kwa nani, atakwenda kikundi gani, nani atamsindikiza kituoni.

Wazee wa Rungwa na wa vijiji vingine hawajakataa kutusaidia. Wanatupokelea watoto wetu, wanawalisha na kuwaombea. Lakini hatuna haki ya kuwatwisha ugonjwa tulioshindwa kuutaja kwa jina, wakati tiba yake na watu wanaoujua tumewaacha huku huku mjini, mitaa miwili kutoka nyumbani kwetu.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaowapokea. Wabillahi tawfiq.