Turbo, Intakula na Kanuni za Gesi



Kwenye maabara ya shule yetu hapa Rujewa kuna pistoni iliyotoboka. Aliileta kijana niliyemfundisha miaka michache iliyopita. Baada ya kuuza mpunga wake alinunua Subaru yenye turbo. Akafunga chujio la hewa la wazi, lile linalovuma chini ya boneti, akaweka mita ya presha kwenye dashibodi, kisha akamwomba fundi aongeze presha ya turbo. Siku ya pili akashika njia ya Makambako. Hakufika.

“Mwalimu,” aliniambia, “mita ilikuwa inasoma vizuri tu.”

Ni kweli, mita ilisoma vizuri. Lakini mita ile hupima kitu kimoja, na kanuni ya gesi ina vitu vitatu: kanieneo (P), ujazo (V) na halijoto (T). Watahiniwa wengi hupoteza alama mahali palepale alipopotezea kijana huyu injini yake. Wanaangalia kanieneo, wanasahau halijoto. Karatasi ya mtihani utaikuta kwa Kiingereza, lakini herufi P, V na T hazibadiliki. Elewa kwanza, maneno ya mtihani utayajaza baadaye.

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili uweze:
(a) kueleza kazi ya turbo na intakula;
(b) kutumia kanuni ya jumla ya gesi kukokotoa ujazo;
(c) kutaja njia za kusafiri kwa joto zinazotumika chini ya boneti;
(d) kutambua jibu lisilowezekana kabla hujakabidhi karatasi.

1. Turbo inafanya nini?

Injini hupata nguvu kwa kuchoma petroli, na petroli haiungui bila oksijeni. Kwa hiyo injini inayotaka kuchoma petroli nyingi lazima ipate hewa nyingi. Silinda haikui, ujazo wake ni uleule siku zote. Njia iliyobaki ni kushindilia hewa nyingi zaidi ndani ya nafasi hiyohiyo.

Turbo ina magurudumu mawili yenye mapanga kama feni, yaliyofungwa kwenye shafti moja. Gurudumu la kwanza huzungushwa na moshi wa moto unaokimbilia kwenye ekzosi. La pili huvuta hewa safi na kuisukuma kuelekea kwenye silinda. Nishati ambayo ingepotelea hewani pamoja na moshi inafanya kazi. Hapa unaweza kuulizwa juu ya kanuni ya kutopotea kwa nishati.

Faida yake inaonekana zaidi nyanda za juu. Hapa Rujewa, bonde la Usangu, kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 90. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni karibu kilopaskali 83. Gari lisilo na turbo likipanda kwenda Mbeya linapumua hewa nyepesi na kupungua nguvu. Lenye turbo hufidia sehemu ya upungufu huo.

Hata waandaaji wa mashindano wanalijua hili. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiendesha Subaru Impreza. Kanuni za mashindano ya dunia wakati huo zilitaka hewa yote ya turbo ipite kwenye tundu lenye kipenyo kisichozidi milimita 34. Ukitaka kuipunguzia injini nguvu, ipunguzie hewa.

2. Mambo mawili ya kukumbuka kabla ya kukokotoa

Kwanza, halijoto iwe katika kelvini. Chukua nyuzi za Selsiasi, jumlisha 273.

Pili, kanieneo iwe kamili. Mita ya turbo husoma sifuri injini ikiwa imezimwa, ingawa hewa ya nje inaikandamiza kila upande. Inaonyesha ziada tu juu ya hewa ya nje. Kwa hiyo:

Kanieneo kamili = kanieneo ya hewa ya nje + namba inayosomwa kwenye mita

Kanuni yenyewe, kwa masi ya gesi isiyobadilika, ni hii:

P₁V₁ ÷ T₁ = P₂V₂ ÷ T₂

3. Swali la mfano

Turbo ya gari lililoko Rujewa inavuta lita 10 za hewa yenye nyuzi 27 za Selsiasi. Kanieneo ya hewa ya nje ni kilopaskali 90, na mita ya turbo inasoma kilopaskali 90. Hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 117.
(a) Tafuta ujazo wa hewa hiyo inapotoka kwenye turbo.
(b) Inapita kwenye intakula na kupoa hadi nyuzi 47, kanieneo ikibaki ileile. Tafuta ujazo wake mpya.
(c) Eleza kwa nini intakula huongeza nguvu ya injini.

Jibu

Andika kwanza unachokijua:
P₁ = 90; V₁ = 10; T₁ = 27 + 273 = 300
P₂ = 90 + 90 = 180; T₂ = 117 + 273 = 390

(a) V₂ = P₁V₁T₂ ÷ (T₁P₂)
= (90 × 10 × 390) ÷ (300 × 180)
= lita 6.5

Angalia vizuri. Kanieneo imeongezeka mara mbili, lakini ujazo haukupungua hadi lita 5. Hewa ikikandamizwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza tairi, na joto hilo huitanua.

(b) Kanieneo haibadiliki, kwa hiyo tumia kanuni ya Charles:
V₃ = V₂ × T₃ ÷ T₂
= 6.5 × 320 ÷ 390
= lita 5.33

(c) Masi ya hewa ni ileile, lakini ujazo umepungua kutoka lita 6.5 hadi 5.33. Densiti imeongezeka. Kwa kuwa ujazo wa silinda haubadiliki, kila mara silinda inapojaa inapata masi kubwa zaidi ya oksijeni, na petroli nyingi zaidi inaweza kuungua.

Ukilinganisha, bila intakula densiti ya hewa ni mara 1.54 ya hewa ya nje (10 ÷ 6.5). Ikiwa na intakula ni mara 1.88 (10 ÷ 5.33). Mita ya presha inasoma namba moja katika hali zote mbili.

4. Vifaa vya chini ya boneti na fizikia yake

Vijana wengi huongeza vifaa kwenye gari la turbo. Kila kifaa kiulize swali moja: kinaongeza masi ya hewa inayoingia, au kinaongeza kelele?

Intakula kubwa. Hutengenezwa kwa alumini, kwa sababu alumini hupitisha joto haraka. Mapezi yake membamba huongeza eneo linalogusana na hewa inayopita. Katika Impreza nyingi intakula hukaa juu ya injini na kupata hewa kupitia tundu la boneti. Gari likipanda Kitonga taratibu nyuma ya malori, hewa ya kupoza ni kidogo na joto la injini linapanda juu. Intakula yenyewe inapata moto. Ndiyo maana wengine huihamishia mbele ya rejeta.

Chujio la wazi. Likiwekwa juu ya injini bila kizuizi, linavuta hewa ya moto ya chini ya boneti. Hewa ya nyuzi 57 (kelvini 330) badala ya nyuzi 27 (kelvini 300) ina densiti ya 300 ÷ 330, yaani 0.91. Umepoteza asilimia 9 ya hewa kabla turbo haijaanza kazi, na umelipia. Chujio hilo linahitaji boksi la kulikinga na bomba la kuleta hewa kutoka nje.

Mkanda na bati la kukinga ekzosi. Ekzosi ya moto hutoa joto kwa mnururisho, kama jua linavyotufikia bila kupitia kitu chochote. Bati linalong’aa huakisi joto hilo. Mkanda hulizuia lisitoke.

Rejeta kubwa. Maji hubeba joto kutoka kwenye injini, rejeta hulikabidhi kwa hewa. Mfuniko wake huongeza kanieneo ili maji yasichemke mapema.

Angalizo: Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Kanieneo ikishuka ghafla, kiwango cha kuchemka nacho hushuka. Maji yaliyokuwa yametulia huchemka papo hapo na kukurukia usoni.

5. Makosa yanayopoteza alama

Kosa la kwanza: kutumia Selsiasi. Katika (a) ungepata (90 × 10 × 117) ÷ (27 × 180) = lita 21.7. Hewa imeshindiliwa halafu ujazo umezidi mara mbili? Haiwezekani.

Kosa la pili: kusahau kanieneo ya hewa ya nje. Ukiweka P₂ = 90 unapata lita 13. Hili nalo haliwezekani.

Kosa la tatu: kutoandika vizio. Lita, kilopaskali na kelvini vina alama zake.

Kabla ya kwenda swali linalofuata, jiulize: jibu hili linaingia akilini? Sekunde kumi zinatosha.

Zoezi

1. Gari liko Mbeya mjini ambako kanieneo ya hewa ni kilopaskali 83. Mita ya turbo inasoma kilopaskali 90. Tafuta kanieneo kamili.
2. Katika swali la mfano, chujio la wazi limevuta hewa ya moto, na hewa ikatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 156. Kanieneo kamili ni kilopaskali 180. Lita 10 zilizopimwa nje (nyuzi 27, kilopaskali 90) zitachukua ujazo gani?
3. Taja sababu mbili za kutengeneza intakula kwa alumini yenye mapezi membamba.
4. Mita ya kijana wa Subaru ilisoma vizuri, lakini pistoni ilitoboka. Eleza.

Majibu

1. 83 + 90 = kilopaskali 173.
2. T₂ = 156 + 273 = kelvini 429. V₂ = (90 × 10 × 429) ÷ (300 × 180) = lita 7.15. Linganisha na lita 6.5: hewa imekuwa nyepesi zaidi, mita ikisoma vilevile.
3. Alumini hupitisha joto haraka; mapezi huongeza eneo la kutolea joto.
4. Mita ilipima kanieneo peke yake. Chujio lilivuta hewa ya moto, na presha iliyoongezwa ikazidisha halijoto. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukiwa wa moto kupita kiasi huwaka kabla ya wakati wake. Mafundi husema injini inagonga. Kugonga kukiendelea, pistoni huyeyuka au hutoboka. Mtahiniwa anayetaja kanieneo na halijoto kwa pamoja apewe alama zote.