Sinema ya Miwani na Swali la Bethsaida

Somo: Marko 8:22-26

Wengi hapa Loki mnajua kwamba jicho langu la kushoto halioni. Nilichomwa na mwiba wa ewoi nikichunga mbuzi, nikiwa mdogo. Sasa, vijana wetu walipoenda semina Nairobi, mimi niliwasindikiza, na siku ya mwisho wenyeji wetu wakatupeleka kuona sinema ya 3D, ile ya kuvaa miwani.

Mawe yaliporuka kwenye picha, vijana walipiga kelele na kuinamisha vichwa. Mimi nilikaa wima tu. Kwangu ilikuwa picha ya kawaida kama ya televisheni, ila yenye giza kidogo. Nikivua miwani, kila kitu kinakuwa na kingo mbili mbili. Nikaivaa tena, nikaifuata hadithi mpaka mwisho, na ilikuwa nzuri.

Mungu ametupa macho mawili yaliyoachana kama sentimita 6. Kila moja linaona kitu kutoka upande wake, na ubongo unalinganisha hizo picha mbili ili ujue kitu kiko karibu au mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838. Sinema ya 3D inaonyesha picha mbili kwenye pazia moja, na miwani inagawa: hii ya jicho la kulia, hii ya kushoto. Mwenye jicho moja hupata moja tu.

Lakini msidhani naona dunia kama karatasi iliyobandikwa ukutani. Ukisafiri kwenda Kakuma, angalia dirishani: miti ya karibu inakimbia, milima inakwenda polepole. Kwa alama kama hizo, na vivuli, na ukubwa wa vitu, hata mimi najua umbali. Kwa milima ya Mogila, wewe wa macho mawili na mimi tuko sawa. Shida yangu iko karibu: kumimina chai (naegemeza mdomo wa birika kwenye kikombe), na kusalimiana, maana mkono ukija kutoka kushoto siuoni. Mashemasi, mnisamehe hapo.

Tulipotoka nje, kijana mmoja aliniambia, "Mzee, wewe ungeamini tu, ungeona." Nilimrudisha Bethsaida. Yesu alipomgusa yule kipofu mara ya kwanza, alimuuliza kama anaona kitu. Yule mtu hakupiga haleluya ya kumfurahisha mtu. Alisema anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Akaguswa tena, akaona vizuri. Hakukemewa kwa kusema hivyo. Mimi nasoma hapo kwamba Bwana aliuliza kwa sababu alitaka jibu la kweli.

Jioni hiyo kijana mwingine alinijia kando. Macho yake yote mawili ni mazuri ukiyatazama. Akaniambia, "Hata mimi sikuona kitu kikiruka. Niliinama kwa sababu wenzangu waliinama." Nilimwambia azibe jicho la kulia. Hakuweza kusoma bango lililokuwa mbele yetu! Miaka yote hiyo hakuna aliyejua, hata mama yake.

Kuna jicho ambalo kwa nje ni zima, lakini ubongo umeacha kulitumia tangu utotoni. Daktari anaweza kumpa mtoto miwani, au kuziba jicho zuri kwa muda ili lile dhaifu lifanye kazi, na hilo husaidia zaidi mtoto akiwa mdogo. Kwa hivyo wazazi, hamhitaji sinema ya Nairobi. Mtoto akiwa anacheza, mzibe jicho moja kwa kiganja, halafu lingine. Akiwa hajali upande mmoja, lakini upande wa pili analia na kuusukuma mkono wako, huenda umeziba lile analolitegemea. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Sisi tutaomba mkiwa njiani.