Mbinu Bila Kazi Haina Alama: Namna ya Kujibu Swali la Fasihi

Watahiniwa wengi wa kidato cha nne wakifika kwenye swali la fasihi huorodhesha. "Mwandishi ametumia tashibiha, sitiari, takriri na methali." Nukta. Aya inayofuata inaanza: "Dhamira kuu ni ukombozi wa mwanamke." Fani imekaa chumba chake, maudhui chumba chake, na mlango wa katikati umefungwa. Msahihishaji anasoma ukurasa mzima bila kukutana na hoja hata moja, kisha mwanafunzi anashangaa: mbona kitabu nilikisoma chote?

Makala hii ni ya mwanafunzi huyo, awe Buigiri, Chilonwa au Mpwapwa hapa mkoani Dodoma, na ya mwalimu wake. Kanuni yake ni moja: kila mbinu ya kisanaa unayoitaja, sema inafanya kazi gani, na kazi hiyo inatetea au inapinga maadili gani ya jamii. Hatua zinazofuata zinatoka kwenye kanuni hiyo.

1. Anza na swali, si kitabu

Kabla ya kuandika neno, pigia mstari mambo matatu: kitenzi cha swali, idadi ya hoja, na idadi ya vitabu. "Eleza" inataka ufafanuzi. "Thibitisha" inataka ushahidi wa kuunga mkono kauli uliyopewa. "Jadili" inakuruhusu kukubali upande mmoja na kupinga mwingine, na hapo mwenye hoja za pande zote mbili hujipatia nafasi ya kung'ara. Swali likitaka hoja tatu kwa kila kitabu katika vitabu viwili, hoja tano za kitabu kimoja na moja ya kingine hazikufikishi popote, hata kama zile tano ni nzuri.

2. Jaza safu nne

Kitabu kisome mara mbili. Mara ya kwanza soma kwa ajili ya kisa, bila kalamu. Mara ya pili soma na daftari lenye safu nne: tukio, mbinu, kazi ya mbinu, maadili yanayoguswa. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo wengi huiacha wazi.

Tuchukue tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Karani wa sensa anatumwa kijijini kuhesabu watu. Anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake, Mzee Mitomingi, na mwisho anamtorosha. Mzee kwa hasira anazichoma karatasi za sensa. Safu zako zitasomeka hivi. Tukio: karatasi kuteketea. Mbinu: ishara. Kazi: kuifanya hasara ya taifa ionekane kwa macho jukwaani. Maadili: uwajibikaji kazini na utunzaji wa mali ya umma.

Sasa linganisha aya mbili. Ya kwanza ni ile tunayokutana nayo kila mara:

"Mwandishi ametumia ishara. Karatasi zilichomwa moto. Hii inaonyesha kuwa tunapaswa kuwajibika."

Hakuna uongo ndani yake, lakini sentensi hizo tatu hazifahamiani. Ya pili:

"Semzaba anazitumia karatasi za sensa kama ishara ya kazi ya umma. Mzee Mitomingi anapozichoma kwa hasira ya kutoroshewa binti, anayepata hasara si Ngoswe peke yake. Taarifa za kaya ambazo hazikuhusika kabisa na penzi lile nazo zinateketea. Kwa ishara hii mwandishi anaonyesha kwamba uzembe wa mtumishi mmoja hulipwa na jamii nzima."

Sentensi ya kwanza imetaja mbinu na kile inachowakilisha. Ya pili na ya tatu zimeleta ushahidi kutoka kitabuni. Ya nne imetoka kwenye mbinu hadi kwenye maadili. Aya ni fupi, lakini hakuna sentensi unayoweza kuitoa bila hoja kuanguka.

Mwenye kutaka alama za juu zaidi aendelee kuuliza: aliyewasha moto ni nani? Si Ngoswe, ni mzee. Jina la tamthiliya linamlaumu karani mpenda mapenzi, ilhali kitendo cha mwisho cha kuharibu mali ya umma ni cha baba aliyeshindwa kuizuia hasira yake. Kwa hiyo mwandishi haonyeshi uzembe wa kijana tu. Anaonyesha pia mzee anayelipia aibu ya nyumba yake kwa kitu kisicho chake. Ukiandika hivyo, msahihishaji anajua umefikiri, hukukariri.

3. Kwa vitabu vya zamani, uliza viliandikwa chini ya nani

Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Miaka ya 1940 alifanya kazi hata hapa kwetu, Mpwapwa. Mtu wa nafasi yake asingeweza kuandika waziwazi kwamba watawala hawasikii. Akabuni nchi inayoelea hewani, akamweka Karama mbele ya baraza la mfalme, akishitakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani.

Usiishie kuandika kwamba "mandhari ni ya kubuni." Sema mandhari hayo yalimpa mwandishi kinga ya kusema lisilosemeka, na kwamba maadili anayoyatetea ni haki ya mshitakiwa kusikilizwa na haki ya raia kuleta wazo jipya. Kuhusu majina vilevile. Waziri anayemshitaki Karama anaitwa Majivuno. Jina linamhukumu kabla hajafungua mdomo, na hiyo ni nguvu. Lakini pia linamfunga: mhusika aliyepewa jina la namna hiyo hawezi kubadilika akawa mtu mwingine. Nguvu na udhaifu wa mbinu moja, tayari una hoja ya swali la "jadili."

Kwa wa kidato cha sita, njia ni hiyohiyo. Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein ina mizizi katika kesi halisi ya Kenya ya mwaka 1987, mjane na ukoo wa marehemu mumewe wakigombania mahali pa kumzika. Ukijua hilo, mgogoro wa mila na sheria hutauona kama jambo la kubuniwa jukwaani tu.

4. Muundo nao husema

Wanafunzi huona mbinu kwenye maneno, hawaioni kwenye umbo. Mfano uko jirani. Ukitoka Buigiri kwenda Dodoma mjini unapita Ihumwa, nyumbani kwa Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Ndiye aliyeipa ngonjera umaarufu, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zikatumika shuleni na mikutanoni kueneza siasa ya ujamaa. Kitabu chake, Ngonjera za UKUTA, kilichapishwa mwaka 1970, yeye akiwa ameshafariki.

Katika ngonjera pande mbili hubishana kwa beti, mmoja hajui au anapinga, mwingine anaelimisha, na mara nyingi mwisho wanakubaliana. Umbo lenyewe linabeba maadili: tofauti zimalizwe kwa mazungumzo, na anayejua ana wajibu wa kumfundisha asiyejua. Hoja ya pili ni ya kukosoa: mpinzani mara nyingi husalimu amri upesi, kwa sababu jibu lilikwisha kuamuliwa kabla ubishi haujaanza. Hoja zote mbili zimetoka kwenye muundo, bila kugusa tamathali hata moja.

Ushairi usomeni kwa sauti, wawili wawili. Mmoja asome, mwingine afumbe macho na kumsimamisha kila anaposikia neno linalorudi, kina kinachogonga au mizani iliyovunjika. Takriri husikika kabla haijaonekana. Mnaposimama, jiulizeni: neno hili limerudiwa ili iweje?

5. Mtenganishe mwandishi na mhusika

Hapa ndipo hoja nyingi huharibika. Katika tamthiliya ya Kilio Chetu wako wazazi wanaoona kwamba kuzungumza na mtoto kuhusu mapenzi na ukimwi ni kumharibu. Mwanafunzi akiandika kwamba "mwandishi anafundisha kuwa watoto wasielezwe mambo haya," amekipindua kitabu. Maneno ni ya mhusika. Msimamo wa mwandishi unaonekana kwenye yale yanayowapata watoto wasioelezwa.

Dawa yake ni kuandika maadili kwa jozi, kwa sababu kitabu kizuri hugonganisha maadili mawili. Katika Takadini, kisa cha Zimbabwe, mila ya kijiji inataka mtoto aliyezaliwa na ualbino asiishi, na Sekai, mama aliyesubiri mtoto kwa miaka, anatoroka naye. Upande mmoja kuna utii kwa mila na hofu ya jamii, upande wa pili kuna uhai wa mtoto na ujasiri wa mama. Safari ya Sekai ndiyo mbinu: mwandishi anamtoa kwenye jamii moja na kumpeleka nyingine, ili msomaji aone kwamba kilichokuwa sheria isiyovunjika kijiji kimoja kinaweza kukataliwa kingine.

Swali likikuuliza kitabu kinahusianaje na jamii yako, usijibu kwa jumlajumla. Shule ya wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, hupokea pia watoto wenye ualbino. Mwanafunzi wa Chamwino ana mfano hai mlangoni. Lakini autumie kwa sentensi moja au mbili kupima uhalisia wa kitabu. Ushahidi wa hoja lazima utoke kitabuni.

6. Ndani ya chumba cha mtihani

Tenga dakika tano za kuandika hoja zako kwa ufupi kabla ya kuanza insha. Utangulizi uwe mfupi, utaje vitabu na waandishi wake na uonyeshe msimamo wako. Kila aya ibebe hoja moja. Majina yaandikwe sawasawa, na wahusika wa kitabu kimoja wasihamie kingine. Hitimisho lijibu swali, lisirudie orodha. Na kwa kuwa vitabu teule hubadilika mtaala unapobadilika, hakikisha kwa mwalimu wako orodha inayotumika mwaka wako; mbinu hizi zinafaa kwa kitabu chochote.

Usingoje wiki ya mtihani. Chukua kitabu kimoja leo, chagua tukio moja, jaza safu nne, kisha andika aya moja fupi na umpe mwenzako aisome. Akikuuliza "kwa hiyo?" baada ya kumaliza, safu ya tatu bado iko wazi. Irudie mpaka asiwe na la kuuliza.