Egemeo Lililofutwa: Usomaji wa Sura ya Jan Asselijn Katika Chapa ya Rembrandt

Mnamo 1647 hivi, Rembrandt alimchora Jan Asselijn, mchoraji mwenzake wa Amsterdam, kwenye bamba la shaba. Katika mbinu hiyo bamba hupakwa nta, mistari hukwaruzwa kwa sindano, kisha asidi huachwa iitafune shaba pale ilipofunuliwa. Bamba laweza kurekebishwa hata baada ya nakala za kwanza kutoka, nazo nakala hizo hubaki kuwa ushahidi wa kilichobadilishwa.

Katika nakala za awali, nyuma ya Asselijn pana egemeo lililobeba mchoro wa mandhari. Katika nakala za baadaye egemeo hilo limekwanguliwa, ingawa alama zake hafifu zingali zaonekana. Wapo watakaodai kuwa hili ni suala la umbo tu: egemeo lilibanana na mwili wa mhusika, likamnyang'anya nafasi. Hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo, maana nayo imebadilika. Asselijn wa kwanza ni fundi aliye kazini. Wa pili, aliyesimama na kofia na joho lake mbele ya ukuta mtupu, ni muungwana. Ila kibao cha rangi, burashi na vitabu vilivyo mezani havikuondolewa. Kazi haikukanwa, imeshushwa sauti.

Lipo jambo zito zaidi. Asselijn alikuwa na ulemavu wa mkono, na wachoraji wenzake kule Roma walimpa lakabu ya Crabbetje, yaani kaa mdogo (lakabu za wenzi aghalabu hazina huruma). Ulemavu huo haukumzuia: bata maji wake mkubwa anayelinda kiota dhidi ya mbwa, aliyechorwa mnamo 1650 hivi, yumo katika makumbusho ya Rijksmuseum. Lakini katika chapa ya Rembrandt mtazamaji asiyejua wasifu wa Asselijn hataushuku ulemavu wowote.

Je, Rembrandt alimstahi mwenzake, au alimficha? Ni rahisi kuunganisha mkono usioonyeshwa na egemeo lililofutwa, kisha kuyaita yote mawili heshima. Usomaji huo unateleza. Mkono ulisitiriwa tangu nakala za kwanza, kwa hiyo ni uamuzi wa mwanzo, na yamkini Asselijn mwenyewe alishiriki kuutoa, kwani ndiye aliyechagua jinsi ya kusimama au kukubali kusimamishwa. Egemeo ni fikra ya baadaye, na ni ya mwenye bamba.