Kufundisha Fyuzi kwa Mfano wa Pikipiki

Utangulizi

Somo la umeme katika shule ya msingi halina budi kuanzia kwenye kitu ambacho mtoto amekwisha kukiona. Katika mji wa Moshi na vijiji vya mlimani kama Kibosho, Machame na Marangu, kitu hicho ni pikipiki ya abiria. Waendeshaji huiongezea taa za kumulika ukungu, redio na chaja ya simu. Vyombo hivyo vikiungwa vyote kwenye fyuzi moja, hitilafu ya redio yaweza kuikata fyuzi hiyo na kuzima taa usiku, penye kona na mteremko. Kwa hiyo kuchagua kikasha cha kugawa umeme chenye fyuzi ni jambo la uhai wa watu.

Shabaha

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kazi ya fyuzi;
(b) kukokotoa mkondo wa kila chombo;
(c) kuchagua fyuzi na kikasha kwa kutoa sababu.

Hatua ya kwanza: Jaribio

Tuunge betri mbili za tochi, swichi, na uzi mmoja mwembamba wa stilwaya laini ya kusugulia masufuria, wenye urefu wa sentimeta 2. Swichi ikifungwa, uzi huwaka na kukatika. Zana ziwekwe juu ya bati, na mwalimu alifanyie majaribio zoezi hili kabla ya kipindi. Betri ya pikipiki isitumiwe kamwe, maana mkondo wake mkubwa waweza kuunguza.

Tusikimbilie kutoa maelezo. Tuulize: "Mbona uzi umekatika, na waya wa kuungia umebaki mzima?" Jibu la wanafunzi ndilo maana ya fyuzi: ni sehemu dhaifu iliyowekwa makusudi, ikatike kabla waya haujaungua.

Hatua ya pili: Hesabu

Betri ya pikipiki ni ya volti 12. Mkondo hupatikana kwa kugawa wati kwa volti:
Taa mbili, wati 36: ampea 3.
Redio, wati 24: ampea 2.
Chaja ya simu, wati 12: ampea 1.
Jumla ni wati 72, yaani ampea 6.

Hatua ya tatu: Kuchagua

Fyuzi iwe kubwa kuliko mkondo wa kawaida wa chombo, lakini isizidi uwezo wa waya wake. Hivyo taa zipewe fyuzi ya ampea 5, redio ampea 3, na chaja ampea 2. Waya mkuu utokao kwenye betri uwe na fyuzi ya ampea 10, ikiwa waya huo unaweza kuhimili mkondo huo. Nayo ikae karibu kabisa na ncha chanya, ili sehemu ndefu ya waya isibaki bila ulinzi.

Kikasha chema kina fyuzi ya pekee kwa kila tawi, kifuniko kisichopitisha maji wakati wa masika, na swichi inayofuata ufunguo ili betri isiishe pikipiki ikiwa imezimwa. Hata hivyo, kikasha hakizalishi umeme. Vyombo vikitumia kuliko jenereta ya pikipiki inavyotoa, betri itaishiwa hata kama fyuzi zote ni nzima.

Makosa ya kutazamia

Wanafunzi wengi hudhani kuwa fyuzi kubwa ndiyo imara zaidi. Wengine wamewaona watu wakiziba nafasi ya fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tuwarudishe kwenye jaribio: uzi ukiwa mnene usikatike, ni kitu gani kitakachoungua? Waya, tena waya huo hupita chini ya tangi la petroli.

Mazoezi

1. Honi ya ziada ina wati 48. Chagua fyuzi yake.
2. Je, fyuzi kuu ya ampea 10 ingali inatosha? Eleza.
3. Fyuzi ya redio imekatika mara mbili. Fundi afanye nini kabla ya kuweka ya tatu?

Mwanafunzi atakayejibu swali la tatu kwa kusema "atafute hitilafu" ameelewa somo.